Masokomutu wa Lindi: uongo ni upi, kosa ni lipi?



Wakati timu ya chanjo ya polio ilipita kwenye avenyu yetu, mama moja jirani alifunga mlango. Alisema: « Ile dawa yenu njo ilileta SIDA. Wazungu waliitengeneza na mafigo ya sokomutu kule Kisangani. » Kijana wa matone akacheka, akaenda nyumba ya pili. Mtoto akabaki bila chanjo, bila alama ya wino kwenye kidole.

Mimi sikucheka, juu ndani ya maneno ya yule mama kuna ukweli na kuna uongo. Tukishindwa kuvitenganisha, hatutamsaidia.

Tuanze na ukweli. Mwaka wa 1956, wakati wa Wabelji, kambi ilifunguliwa karibu na mto Lindi, pembeni ya Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Kazi iliendeshwa na laboratware ya serikali iliyoongozwa na munganga Ghislain Courtois, pamoja na Hilary Koprowski, mtafiti wa Marekani mzaliwa wa Poland, aliyekuwa anatafuta chanjo ya polio ya kunywa. Masokomutu na bonobo zaidi ya 400 walikamatwa porini na kupelekwa kule. Walipewa chanjo, kisha wengine wakatiwa virusi vikali vya polio ili ionekane kama chanjo inawalinda. Wengi hawakutoka wazima. Tena tujue hivi: kwa kawaida, ili mwindaji akamate mtoto wa sokomutu, anaua kwanza mama yake.

Mwaka wa 1958, kwenye bonde la Ruzizi na pembeni ya ziwa Tanganyika, watu zaidi ya 200,000 walipewa ile chanjo kwa muda wa wiki chache. Ilikuwa wakati wa ukoloni. Ruhusa ya mzazi, ginsi tunavyoifahamu leo, haikuwa desturi.

Sasa tuje kwa uongo. Mwaka wa 1999 mwandishi wa Uingereza, Edward Hooper, alitoa kitabu kikubwa. Alitetea wazo kwamba chanjo ile ilikuzwa ndani ya seli za mafigo ya masokomutu, na kwa njia hiyo virusi vya SIDA vikaingia kwa watu. Koprowski na wenzake walikana. Lakini kukana haitoshi, ilibidi kupima.

Walipima chupa za zamani za chanjo zilizobaki: walikuta alama za nyani wa Asia wanaoitwa makaki, hawakukuta sokomutu wala virusi vya SIDA. Halafu watafiti wakaenda katika pori la karibu na Kisangani. Kati yao alikuwa Bill Hamilton, mwanabiolojia wa Uingereza, aliyeona kwamba wazo la Hooper linastahili kupimwa. Alipata malaria katika safari ile ya mwaka 2000, akafariki London mwaka ule ule. Kazi iliendelea, na mwaka 2004 matokeo yakatoka: masokomutu wa Kisangani wana virusi vyao, lakini si vile vilivyozaa SIDA iliyoenea duniani. Hiyo ilitoka kwa masokomutu wa kusini-mashariki mwa Kameruni, na hesabu za kizazi cha virusi zinaonyesha ilishaanza kuenea Kinshasa karibu na mwaka 1920, miaka zaidi ya 30 mbele ya kambi ya Lindi.

Angalieni vizuri ginsi jibu lilipatikana. Kule porini hawakuhitaji kufunga sokomutu hata mmoja. Waliokota mavi chini, wakayapima. Swali zito, na mnyama akaendelea na maisha yake.

Hapo njo maadili ya utafiti yanaanza. Mwaka wa 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, waliandika kanuni tatu zinazofundishwa mpaka leo: kama kuna njia nyingine, acha mnyama, kama hakuna, tumia wachache, na hao wachache, wapunguzie maumivu. Sitasema Koprowski alikuwa shetani. Polio ilikuwa inalemaza watoto, na chanjo ya hepatiti B nayo ilijaribiwa kwa masokomutu. Lakini mwaka 2011 kamati ya wataalamu kule Marekani ilichunguza na kukuta kwamba utafiti mwingi wa dawa kwa masokomutu hauhitajiki tena. Mwaka 2015 taasisi ya taifa ya afya ya nchi ile ikaacha kabisa kuugharamia.

Na siye? Hapa Kivu ya Kusini, kwenye eneo la kituo cha utafiti cha Lwiro kilichoachwa na Wabelji, tangu 2002 kuna makimbilio ya masokomutu yatima waliookolewa kwa wawindaji na wachuuzi. Mwanafunzi wa biolojia anayeenda kwao au porini anapaswa kuvaa maski na kukaa mbali. Si mapambo: kule Taï, Kodivaa, masokomutu walikufa kwa virusi vya kikohozi vilivyotoka kwa watu.

Nilirudi kwa yule mama, nikamweleza yote haya, Lindi pamoja na Kameruni. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema mimi ni muongo. Aliuliza tu: « Basi juu ya nini hamukutuambia tangu zamani? » Timu iliporudi, alifungua mlango na mtoto akapata matone. Lakini alisema « hamukutuambia », akiniweka na mimi ndani. Lile swali ninalileta kwenu, sababu utafiti wa leo hapa kwetu unafanywa na siye wenyewe.