Watoto Wahesabu Jerikeni za Maji

Wapendwa wazazi, pengine mwezi uliopita mliona mistari ya mkaa ukutani karibu na mlango, mkajiuliza nani anachafua nyumba ya kupanga. Ni mimi niliyewatuma watoto. Wenye nyumba wote hapa Kampala mnisamehe.

Darasa langu ni la miaka saba mpaka tisa. Tulichagua swali moja tu: nani anachota maji kwenu, na jerikeni ngapi kwa siku? Jerikeni ikiingia, mstari mmoja. Ya tano inakata ile mistari minne. Upande huu wasichana, upande ule wavulana. Majina hatukuandika.

Siku ya tatu ikaja taabu. Mtoto mmoja alileta jerikeni arobaini! Kumbe kwao walidhani kuna shirika linaandikisha watu, wakaongeza. Mama mwingine akakataa kabisa: "Mwalimu, tumeshaandikwa vya kutosha." Sikumlaumu. Hata kwenye sensa ya Uganda ya Mei 2024, ambayo na sisi wakimbizi tulihesabiwa, kuna majirani walioogopa. Nilienda kwake nikamweleza kwamba daftari linabaki darasani, ni la watoto wenyewe. Basi tukaweka sheria: andika ulichoona kwa macho yako, na sifuri si aibu.

Ijumaa tulipanga vizibo vya soda chini, kimoja kwa kila jerikeni. Safu ya wasichana ilifika mlangoni. Ya wavulana ikakomea kwenye mguu wa benchi. Kelele! Mvulana mmoja akaanza kulia: "Mimi naendaga usiku, dada amelala, hakuna aliyeniandika!" Alikuwa na haki. Hesabu yetu ilikuwa na tundu.

Kipimo cha Sphere, ambacho mashirika hufuata wakati wa dharura, ni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Jerikeni ni lita 20. Kwa hiyo familia ya watu sita inahitaji lita 90, yaani jerikeni nne na nusu. Watoto wawili walinyamaza. Kwao ni sita, na zinaingia mbili.

Tena jerikeni iliyojaa ni kilo 20. Kuna msichana ambaye huchelewa kila asubuhi na mimi humgombeza. Mistari yake ilikuwa mingi kuliko ya wote. Sasa namwachia nafasi karibu na mlango, anaingia bila kuulizwa.

Jumatatu tunarudia, na safari za usiku zimo. Wazazi, naombeni tena kipande cha mkaa.