Mbweha wa Naivasha Hakula Mbuzi

Jumamosi moja ya Septemba mbwa wa jirani yetu hapa Olkaria walimwua mnyama karibu na boma. "Ndiye huyu mbweha aliyemaliza mbuzi wangu!" mzee akafoka. Mimi na ndugu yangu tukachukua kijiti, tukaupanua mdomo wa mzoga, tukahesabu meno. Tulifika 48, madogo madogo, hata kuku yangemshinda. Na masikio, lo! Marefu kama kiganja changu.

Basi huyo alikuwa mbweha masikio, mwenye uzito wa kilo 3 hadi 5 tu. Chakula chake hasa ni mchwa na mbawakavu wa mavi. Usiku hutembea ameinamisha kichwa, akisikiliza funza walio chini ya udongo, kisha huchimba papo hapo. Meno yake ni 46 hadi 50, kwa ajili ya kutafuna wadudu upesi. Bweha mgongo-mweusi, ambaye kweli huiba wana-mbuzi, ana 42. Lakini sisi wote hao twawaita mbweha, basi! Hapo wanachama wenzangu wa Kiswahili tuna lawama kidogo.

Tena huyu ni wa kwetu hasa. Mwaka 1909 mtaalamu Gerrit Miller wa Marekani alimweleza kwa kielelezo kilichotoka Naivasha, akampa jina la virgatus. Leo anahesabiwa kuwa nususpishi ya Afrika Mashariki, yaani tawi moja la spishi ya mbweha masikio. Tawi la pili liko Botswana, Namibia, Afrika Kusini na nchi za jirani. Kati ya matawi hayo kuna pengo la kilomita 1,000 hivi, hakuna hata mmoja. Kwa hiyo wetu wakiisha, wale wa kusini hawatakuja kujaza nafasi.

Na wanakufa si kwa kuumwa na mbwa tu, bali pia kwa kichaa cha mbwa na distempa. Serengeti magonjwa hayo yamewahi kuwaua wengi. (Mwalimu wa bayolojia alipopata habari ya kile kijiti chetu, tulikiona cha mtema kuni!)

Jambo moja lilinikaa moyoni. Kwa mbweha hawa dume ndiye mlezi: mama akienda kutafuta chakula, baba hubaki shimoni na watoto, nao huzaliwa kuanzia mwisho wa Agosti. Yule wetu alikuwa dume. Jioni tulirudi kutafuta shimo lake mpaka giza likaingia, hatukuliona.