Programu Zinazolala na Msimu wa Korosho Nachingwea na Ruangwa

Programu ya tovuti, yaani ile inayofunguliwa kwa kivinjari cha simu au kompyuta bila kupakuliwa, hukaa ndani ya seva, ambayo ni kompyuta inayosubiri kuulizwa na kujibu usiku na mchana. Na mtu anayepata nafasi katika seva za kampuni kwa njia ya intaneti husemwa kuwa anatumia wingu. Zipo kampuni zinazotoa nafasi hiyo bure, ila kwa sharti kwamba programu isiyotembelewa hulazwa. Render huilaza baada ya dakika 15 za ukimya, na mgeni wa kwanza atakayebisha hodi baada ya hapo husubiri kiasi cha dakika nzima. Heroku iliilaza baada ya dakika 30, hadi ilipofuta kabisa huduma yake ya bure tarehe 28 Novemba 2022.

Kulala huku si hitilafu, kwa kuwa ndiyo bei ya kile kinachoitwa bure. Kampuni huizima programu na kumpa mwingine nafasi yake, na hodi inapopigwa msimbo hupakiwa upya, hifadhidata huunganishwa, ndipo jibu litoke. Lililo zito zaidi ni kwamba faili zilizoandikwa kwenye diski ya seva hiyo ya bure hutoweka pamoja na usingizi. Karani akiingiza bei za mnada jioni katika faili la SQLite, yaani hifadhidata ndogo ya faili moja, lililomo humo, programu ikalala, asubuhi bei hizo hazipo.

Sharti hili huziumiza wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kuliko miji mikubwa, kwa sababu huku mahitaji ya taarifa huja kwa mafungu. Korosho, ufuta na mbaazi kila zao lina msimu wake, na RUNALI, chama kikuu cha ushirika kinachounganisha vyama vya msingi vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huuza kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani wa mkulima kupeleka zao ghalani na kupewa stakabadhi, ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008. Ichukuliwe programu ndogo ya kuonyesha bei za minada hiyo: siku ya mnada watu huifungua kwa pamoja, kisha siku nzima zikapita bila mtu kuigusa. Mkulima mwenye bando la kubahatisha hawezi kutazama ukurasa mweupe kwa dakika nzima. Ataufunga, na asiyejua bei ya mnada huwa windo jepesi la wanunuzi wa kangomba, yaani wanaonunua kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi.

Dawa iliyozoeleka ni kuipigia programu hodi kabla haijasinzia. Huduma ya nje, kama UptimeRobot au cron-job.org, hupangiwa kuufungua ukurasa mmoja mwepesi kila baada ya dakika 10. Hodi hiyo isiachiwe programu yenyewe, kwani aliyekwisha lala hajiamshi. Hata hivyo Render hutoa saa 750 kwa mwezi kwa akaunti nzima, na mwezi wa siku 31 una saa 744, hivyo programu moja hutosha kukesha, lakini mbili huzimaliza saa hizo katikati ya mwezi na zote kusimamishwa hadi mwezi mpya. Penye programu mbili ni busara kuziamsha kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni tu, ambapo zote pamoja hutumia takriban saa 682. Mpangaji akumbuke kwamba ratiba nyingi za wingu hufuata saa ya dunia (UTC), iliyo nyuma ya Tanzania kwa saa 3, kwa hiyo saa 1 asubuhi ya Ruangwa, ambayo kompyuta huiita 7:00, huandikwa 4, wala si 7.

Hifadhidata nayo ina usingizi wake. Supabase, kampuni inayotoa hifadhidata za wingu, husitisha mradi wa bure usiotumika kwa siku 7, na baada ya msimu wa korosho siku 7 za ukimya ni jambo la kawaida. Hodi ya ukurasa mwepesi haisaidii hapo, maana hifadhidata huhesabu maswali yanayoifikia yenyewe.

Yote hayo ni kukesha na mgonjwa. Tiba ya kweli ni kutambua kwamba bei ya mnada uliokwisha haibadiliki, na kitu kisichobadilika hakihitaji programu iliyo macho. Ukurasa tuli, yaani faili lililokwisha andikwa na linalotolewa kama lilivyo, haulali, na huwekwa bure GitHub Pages au Cloudflare Pages. Anayewatengenezea wakulima programu ya namna hii aandike kwanza bei kwenye ukurasa tuli mara mnada unapofungwa, na programu aiachie kazi ya karani tu, ambaye anaweza kuisubiri dakika moja iamke.