Kivu ya Kaskazini: Mashine ya kupasua kuni inaweza kufanya kazi bila trekta, lakini pampu ndiyo ya kwanza kuangaliwa

Katika vilima vya Butembo na Lubero, mkaratusi ni kuni ya kila siku: unachoma matofali, unaoka mikate, unapika maharagi. Tena ni mti mkaidi. Ukiwa mbichi unakubali shoka; ukikauka, nyuzi zake zinashikana na shoka linaruka. Ndiyo maana mashine ya kupasua kuni inatamaniwa. Shida ni kwamba nyingi zilitengenezwa kwa mashamba ya Ulaya na Amerika, zifungwe nyuma ya trekta. Mwenye trekta huku anataka ilime ao ivute remorki, si kusimama siku nzima ikinguruma kwa ajili ya silinda moja.

Basi fundi anaombwa aipatie mashine moteri yake. Wengi wanakimbilia kutafuta moteri kwanza, na hapo ndipo pesa zinapotea.

Kinachotakiwa kujulikana mwanzoni ni kile trekta ilikuwa inaipa mashine. Kuna zisizo na pampu wala tangi: zina silinda, kabari na vali tu, na mafuta ya presha yanatoka kwenye trekta yenyewe kwa mipira miwili. Nyingine zina pampu yao, lakini inazungushwa na mhimili wa nyuma wa trekta, mizunguko 540 kwa dakika. Moteri ndogo ya petroli inazunguka karibu 3600. Kuunganisha hizo mbili moja kwa moja ni kuiua pampu. Afadhali kuiweka kando na kununua iliyotengenezwa kwa moteri ndogo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Presha inaleta nguvu, wingi wa mafuta unaleta mwendo. Silinda yenye upana wa milimita 100, kwa presha ya bar 200, inasukuma kwa nguvu ya tani 16 hivi, hata pampu iwe ndogo. Kinachobadilika ni muda. Pampu ikitoa lita 20 kwa dakika, pistoni inatembea sentimita 60 kwa sekunde 14. Ikitoa lita 40, sekunde 7. Lakini lita 40 kwa bar 200 zinadai moteri ya farasi 18 ao zaidi, na petroli yake italipwa na nani?

Kuna pampu ya hatua mbili inayotatua jambo hilo. Kabari ikiwa bado haijakutana na mti, inatoa karibu lita 40 kwa presha ndogo. Mti ukikaza, inashuka yenyewe hadi lita 11 hivi, kwa presha yote. Hapo moteri ya farasi 6 na nusu inatosha.

Tangi lisiwe la kubahatisha: mafuta yakizunguka bila kupumzika yanachemka na kuharibu mipira. Bomba linalotoka tangini kwenda kwenye pampu liwe nene na fupi, kwani pampu ikivuta hewa inajila yenyewe. Na kwa kuwa uzito wa trekta haupo tena, mashine inahitaji miguu mipana, isije ikapinduka na gogo lake.

Kuna mashine zinazodai mikono miwili ishike mikono yote miwili ya chuma ndipo kabari itembee. Wapo wanaofunga mmoja kwa waya ili mkono mwingine ushike gogo. Vidole vinakatika hivyo. Hatari nyingine haionekani: mpira ukitoboka tundu dogo, mafuta yanayotoka yanaingia chini ya ngozi kama sindano. Uvujaji unatafutwa kwa kipande cha karton, moteri ikizimwa kabla ya kufungua kitu, hautafutwi kwa kiganja. Aliyepigwa na mafuta hayo aende hospitali saa ileile, hata kama kidonda ni kidogo na hakimuumi.