Pampu ya Mililita 10

Kijiko kimoja cha chai: hicho ndicho kiasi cha damu ambacho moyo wa kichanga husukuma kila unapodunda. Moyo huo ukishindwa ghafla, pengine kwa virusi vilivyoshambulia misuli yake, pampu ya mtu mzima haimfai mtoto.

Mwaka 1990 madaktari wa Berlin, Ujerumani, walimsaidia mtoto kwa pampu hadi akapandikizwa moyo mwingine. Leo pampu ndogo kuliko zote za kampuni ya Berlin Heart huchukua mililita 10. Hukaa nje ya mwili na kusukumwa na hewa, huku mirija yake ikiingia kifuani. Imetengenezwa iweze kuonekana ndani, hivyo muuguzi huimulika kwa tochi akitafuta damu iliyoganda. Kipande kikichomoka na kufika kwenye ubongo, mtoto hupata kiharusi. Hatari hiyo si ndogo: katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, asilimia 29 ya watoto walipatwa nacho. Hata hivyo wazazi hukubali, kwa kuwa moyo ulioshambuliwa na virusi unaweza kupona ukipumzishwa.

Katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, watoto hupasuliwa moyo huku mashine ya moyo na mapafu ikishika kazi kwa saa chache. Pampu ya wiki au miezi ni suala jingine. Moyo usipopona, mtoto huhitaji kupandikizwa mwingine, na Tanzania bado haifanyi upandikizaji huo.

Kwa mtoto wa Liganga, kwenye milima ya chuma ya Ludewa, muda wa kumwokoa huanza kuhesabiwa zahanati. Kutoka huko ni Njombe, kisha Makambako, halafu barabara kuu ya zaidi ya kilomita 600 hadi Dar es Salaam. Akifika amechelewa, hata daktari bingwa hana la kufanya.

Dalili za moyo unaoshindwa hazihitaji mashine kuzitambua. Mtoto hutoka jasho kichwani anaponyonya, huliachia titi kila mara apate kuhema, haongezeki uzito, na ini lake huvimba chini ya mbavu za kulia. Wengi huambiwa ni nimonia, wakapewa dawa na kurudishwa nyumbani. Mtoto aliyetibiwa nimonia mara ya pili au ya tatu anastahili kupimwa moyo kwa eko (kipimo cha mawimbi ya sauti), maana tundu la moyo huzibika, upungufu wa damu hutibika, na homa ya baridi yabisi ikigundulika mapema huzuiwa isirudi kwa sindano ya penisilini ya kila wiki tatu au nne.