Mwalimu Margaret Burroughs na nyumba mbili za Michigan Avenue

Mgeni anayefika Chicago kutoka Dar au Mombasa hakawii kuambiwa aende akaone makumbusho ya DuSable kule Washington Park. Wachache huelekezwa kwenye nyumba ya matofali iliyopo 3831 South Michigan Avenue, yenye kituo cha sanaa kilichofunguliwa kabla Marekani haijaingia Vita vya Pili vya Dunia. Na wachache zaidi husikia kwamba taasisi hizo mbili zimepitia mikononi mwa mama mmoja, mwalimu wa sekondari, ambaye kwa sehemu kubwa ya maisha yake hakulipwa kwa kazi aliyoifanya huko.

Margaret Taylor alizaliwa mwaka 1915 katika mji mdogo wa St. Rose, Louisiana. Wazazi wake walihamia Chicago akiwa bado mtoto, pamoja na maelfu ya Wamarekani Weusi waliokuwa wakiikimbia Kusini. Alisoma Englewood High School, na katika ujana wake alikuwa kwenye baraza la vijana la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, pamoja na Gwendolyn Brooks, mshairi aliyekuja kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer. Akasomea ualimu, na baadaye akachukua shahada zake za sanaa katika chuo cha Art Institute of Chicago.

Habari yenyewe inaanza mwaka 1938. Serikali ya Rais Roosevelt ilikuwa inahangaika kuwapatia watu kazi baada ya uchumi kuanguka, na shirika lake la WPA, mbali na kuajiri wajenzi wa barabara na madaraja, lilikuwa na kitengo kilichowalipa wachoraji mshahara. Kitengo hicho kilifungua vituo vya sanaa zaidi ya mia moja nchi nzima, kwa masharti yanayoeleweka: serikali italipa walimu na ukarabati, wenyeji watafute jengo na walihudumie. Kwa Weusi wa South Side, upande wa kusini wa Chicago, ambao wengi walikuwa hawana kazi, kutafuta jengo haikuwa jambo dogo.

Wakaunda kamati. Walikuwemo wafanyabiashara, walimu, wake wa madaktari, na vijana wachoraji wasio na senti. Wenye nafasi zao waliandaa dansa la kila mwaka, lililoitwa Artists and Models Ball, na kuuza tiketi. Wengine wakaingia mitaani kwa kampeni iliyoitwa Maili ya Daimu. Daimu ni ile sarafu ndogo ya senti kumi. Lengo lilikuwa kukusanya daimu ambazo zikipangwa kwa kugusana zitafika maili moja. Nimepiga hesabu: sarafu hiyo ina upana wa karibu milimita 18, kwa hiyo maili moja inahitaji sarafu kama 90,000, yaani dola 9,000 hivi. Margaret, msichana wa miaka ishirini na ushei, alikuwa mmoja wa waliosimama na kopo kwenye kona ya South Parkway, barabara ambayo leo inaitwa Martin Luther King Drive, akiwaomba wapita njia. Sisi tungesema ni harambee, tena ile ya zamani, kabla hazijaingia bahasha za wanasiasa.

Nyumba iliyonunuliwa ilijengwa miaka ya 1890 kwa ajili ya tajiri wa biashara ya nafaka. Wasanifu wa New Bauhaus, shule ya usanifu ya hapo Chicago, waliigeuza sebule yake kuwa ukumbi wa maonyesho wenye kuta za mbao. Milango ilifunguliwa Desemba 1940, na tarehe 7 Mei 1941 Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akaja kukizindua rasmi kituo hicho, South Side Community Art Center. Mbao za ukutani ni zilezile hadi leo, zimejaa matundu ya misumari ya maonyesho ya miaka zaidi ya themanini. Nadhani uamuzi wa kutozipaka rangi wala kuzibadilisha ni bora kuliko bango lolote la historia ambalo wangeweza kuweka pale.

Miaka ile ya mwanzo ilikuwa na neema. Wachoraji Charles White na Eldzier Cortor walionyesha kazi zao, mpiga picha Gordon Parks alikuwa na chumba cha kusafishia picha chini ya nyumba, na Brooks alikuja kwenye darasa la ushairi. Kisha serikali ikageukia vita, na mwaka 1943 mradi wa sanaa wa WPA ukafungwa. Mishahara ya walimu ikakatika. Vituo vingi vya namna hii vilikufa hapohapo. Cha South Side kilibaki, kwa sababu nyumba ilikuwa mali ya wenyeji wenyewe, na wapo waliokubali kufundisha, kufagia, kuandika barua na kuomba michango bila kulipwa.

Hapa ndipo watu hukosea wanapomsimulia Margaret kama mtakatifu aliyeishi kwa hewa. Alikuwa na kazi. Kuanzia mwaka 1946 hadi 1969 alifundisha sanaa DuSable High School, na baada ya hapo akafundisha chuo cha Kennedy-King kwa miaka kumi. Mshahara wa serikali ya mtaa, uliokuja kila mwezi, ndio uliomruhusu atoe jioni zake na Jumamosi zake bure. Wanaowataka vijana wajitolee kwa moyo wakati kodi ya nyumba haijalipwa wangefanya vizuri kuuangalia mpangilio huo.

Hata aina ya sanaa aliyoipenda ilikwenda na maisha hayo. Alichora kwa rangi na kuchonga, lakini anajulikana zaidi kwa picha za kuchapa kutoka kwenye linoleamu, ile inayotandikwa sakafuni. Msanii huchonga picha kwenye kipande hicho, akapaka wino juu yake, akakandamiza karatasi. Kipande kimoja hutoa nakala nyingi, na kila nakala inaweza kuuzwa kwa bei ambayo karani au dereva wa basi ataimudu. Nyuso za wanawake na watoto Weusi alizozichonga ziliingia kwenye nyumba ambazo hazijawahi kuwa na picha ya msanii ukutani.

Sasa niseme lile ambalo hotuba za kumbukumbu hulipita haraka. Katika miaka ya 1950 Marekani iliingiwa na hofu ya ukomunisti, na Margaret alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto bila kuficha. Alimuunga mkono hadharani mwimbaji Paul Robeson, aliyeandamwa kwa siasa zake za kushoto. Bodi ya elimu ilimwita ikamhoji. Pale kituoni, waliokuwa kwenye uongozi waliogopa kuhusishwa na wasanii wa aina yake, na yeye na wenzake wakasukumwa pembeni katika nyumba ambayo waliichangia daimu kwa daimu. Mwaka 1952 alichukua likizo ya mwaka mmoja akaenda Mexico, akajifunza uchapaji kwenye karakana ya Taller de Gráfica Popular, ambako wasanii walichapa mabango kwa ajili ya wakulima na wafanyakazi.

Anayevifahamu vyama vyetu vya ughaibuni anaijua hatua ambayo kwa kawaida hufuata: mtu hunyang'anywa cheo, anaondoka na rejista ya wanachama, na ndani ya miezi sita kuna vyama viwili vinavyogombea ukumbi mmoja siku ya Uhuru. Margaret alivuka barabara. Yeye na mumewe Charles Burroughs walikuwa wanaishi 3806 South Michigan, karibu kabisa na kituo, na mwaka 1961, pamoja na marafiki wachache, walifungua makumbusho ya historia ya watu Weusi kwenye vyumba vya chini vya nyumba yao wenyewe. Wanafunzi walikuja kwa mabasi ya shule, wakapita sebuleni kwa mwalimu. Hakukishitaki kituo cha sanaa wala kukipiga vita, na uhusiano ukarudi. Leo ukumbi wenye zile mbao za matundu unaitwa kwa jina lake.

Makumbusho yalianza kwa jina la Ebony, na mwaka 1968 yakapewa jina la Jean Baptiste Point du Sable, mtu Mweusi aliyekuwa mkazi wa kudumu wa kwanza wa Chicago asiyekuwa mwenyeji wa asili wa bara hilo. Mwaka 1973 yakahamia jengo la zamani la idara ya bustani kule Washington Park, na hapo yalipo hadi sasa. Aliyaongoza hadi mwaka 1985, meya Harold Washington alipomteua kuwa mjumbe wa bodi ya bustani za jiji.

Kwa wengi huo ungekuwa wakati wa kupumzika. Yeye alikuwa na jambo lingine ambalo halikuwa na jengo wala bodi: kwa zaidi ya miaka 30 alikwenda kufundisha uchoraji na uandishi kwa wafungwa wa Stateville na Pontiac. Pontiac iko mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka mjini, na gereza si mahali unapoingia kwa kubisha hodi. Aliendelea na madarasa hayo hata alipokuwa ajuza, akitambulika kwa nywele zake fupi za asili ambazo aliziacha hivyo tangu zamani, kabla haijawa mtindo. Huko hapakuwa na wapiga picha wa magazeti.

Alifariki nyumbani kwake Novemba 2010, akiwa na miaka 95. Mwaka 2015 jiji liliupa ufukwe wa 31st Street jina la Margaret T. Burroughs. Kibao kipo, ingawa wengi wetu tunaokwenda kuogelea pale majira ya joto bado tunapaita 31st Street.