Mkate Si Lazima Uwe wa Ngano

Miongoni mwa maneno ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nayo mapema ni "ngano". Kuna ngano ya kusimuliwa na kuna ngano ya kusagwa. Mwalimu hulitumia neno hili kueleza homonimu, kisha huendelea na somo lake. Leo ningependa tutue kidogo kwenye hiyo ngano ya kusagwa, kwa kuwa wapo watu miongoni mwetu, wakiwemo watoto wa shule, ambao nafaka hiyo huwadhuru, na namna tunavyokizungumzia chakula haiwasaidii hata kidogo.

Kiini cha dhara hiyo ni protini iitwayo gluteni, ambayo hupatikana katika ngano, shayiri na nafaka ya rai ipandwayo sana Ulaya. Jina hilo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya gundi, nalo limesibu: gluteni ndiyo iufanyayo unga wa chapati unyumbuke bila kukatika na mkate uumuke. Kwa wengi wetu haina neno. Lakini kwa mwenye maradhi ya siliaki, gluteni huichochea kinga ya mwili ikaushambulia utumbo mwembamba, hata chakula kisifyonzwe ipasavyo. Mgonjwa huweza kuhara, kufura tumbo, kukonda na kupungukiwa damu; mtoto huweza kudumaa.

Daktari Samuel Gee wa London aliyaeleza maradhi haya mwaka wa 1888, ila hakujua chanzo chake. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, ndiye aliyeinyoshea ngano kidole. Wakati wa njaa kuu iliyoikumba nchi yake katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate uliadimika, na imani yake kwamba ngano ndiyo iliyowaumiza wagonjwa wake ikazidi kupata nguvu. Mwaka wa 1950 aliwasilisha tasnifu yake kuhusu jambo hilo. Leo hukadiriwa kwamba takriban mtu mmoja kati ya mia duniani ana maradhi haya, na wengi wao hawajitambui. Dawa ya kuyaponya haijapatikana. Tiba ni kuiepuka gluteni maishani.

Mpwa wangu ni mmoja wao. Kabla hajapimwa, alikaa miaka miwili akiambiwa kwamba anadeka. Katika shule aliyosoma, chai ya saa nne ilikuja na mandazi au mkate. Alipovikataa, aliitwa mtoto wa maringo. Alipovila, alishinda akijikunja kwa maumivu darasani. Mwalimu wake hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na neno la kuliita jambo alilokuwa akiliona, na lisilo na jina ni vigumu kuaminika.

Hapa ndipo sisi walimu wa lugha tunapoingia. Nyumba nyingi zinapoambiwa ziache ngano, huuliza kwa hofu: sasa mtoto atakula nini? Swali hilo hutokana na mazoea ya kudhani kuwa mkate ni ule ununuliwao dukani katika karatasi. La hasha! Katika Kiswahili, mkate haukufungwa kwenye ngano. Watu wa pwani wana mkate wa kumimina, uitwao pia mkate wa sinia, ambao ni wa mchele. Upo mkate wa mofa, ambao kwa asili ni wa mtama. Hata tumbaku iliyoshindiliwa iliitwa mkate wa tumbaku. Lugha inayotofautisha mpunga, mchele na wali haikuzaliwa katika jiko la ngano.

Hebu tuingie jikoni. Kwa mkate wa kumimina, roweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha. Uchuje, kisha uusage hadi ulainike kabisa pamoja na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, sukari kiasi upendacho, hiliki na kijiko kidogo cha hamira. Uache uumuke kwa muda wa saa moja hivi. Umimine katika sufuria iliyopakwa mafuta, uweke juu ya moto mdogo, nawe utie makaa juu ya kifuniko. Rojo hilo hilo likimiminwa katika kikaango chenye vishimo, utapata vitumbua, chakula kizuri cha kumfungia mtoto aendaye shule.

Bhajia za dengu ni rahisi zaidi: unga wa dengu, kitunguu, dania, chumvi na maji, kisha mafuta ya moto. Kunde zilizorowekwa, zikamenywa na kusagwa, nazo hutoa bhajia nzuri. Kwa mlo mkuu wa jamaa nzima, githeri, muhogo wa nazi, matoke, nduma na ugali wa mahindi, mtama au wimbi havina gluteni kwa asili yake, na hakuna haja ya kumpikia mgonjwa chungu cha peke yake.

Hata hivyo, majina yanaweza kudanganya. Chapati za wimbi ziuzwazo mikahawani aghalabu huchanganywa na ngano, maana wimbi peke yake halishikamani. Nyumbani, koroga unga wa wimbi na mayai na maji uwe rojo, kisha umimine katika kikaango. Wapo waongezao ngano katika vitumbua. Unga wa uji wa mchanganyiko, soseji na viungo vya pakiti navyo vyahitaji kusomwa maelezo yake. Mafuta yaliyokaanga mandazi hayafai kukaangia bhajia za mgonjwa, na kinu cha posho kisagacho ngano huacha mabaki katika unga wa mwenzake.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri, na wapo waliokwisha kuacha ngano kwa kufuata mtindo tu. Nawajibu wote wawili. Unga wa pakiti ulioandikwa kwamba hauna gluteni ni ghali kweli, bali muhogo na kunde si vyakula vya matajiri. Nawe unayedhani kwamba ngano yakudhuru, usiiache kabla ya kupimwa, kwani ukiiacha mapema, vipimo huenda visioneshe kitu. Mwone daktari kwanza.

Walimu wenzangu, nawaomba mambo mawili. Mtoto akikataa mandazi mara kwa mara, ulizeni kabla ya kukemea, tena mzungumze na mzazi wake. Na katika kufundisha msamiati wa mapishi, msiishie kwenye mkate wa dukani. Wapelekeni wanafunzi kwa bibi zao wakaulize majina ya vyakula vya mtama, wimbi na mchele, na namna vinavyopikwa. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Kwa mtoto aumizwaye na ngano, mbachao huo ndio chakula chake cha kila siku.